Msimamo wa ligi ulioandikwa kwa mkaa

Mwaka 1988, Simba ilipozama chini ya msimamo na watu wazima wakaanza kunong'ona kwamba inaweza kushuka daraja, kwetu Mtawanya msimamo wenyewe ulikuwa ukutani kwa mjomba. Aliuandika kwa mkaa, upande wa barazani, juu ya udongo uliosilibwa kwa kiganja, mahali ambapo mvua haikufika kwa sababu makuti ya paa yaliteremka chini hata mtu mrefu akalazimika kuinama. Jumapili asubuhi, akishamaliza uji wake, mjomba alichovya tambara majini, akafuta yote ya wiki iliyopita, kisha akaandika upya kwa mwandiko wa mtu aliyejifunzia kisomo cha watu wazima, tarakimu kubwa zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Sisi watoto tulipita pale tukienda kisimani. Kabla hatujaimudu hesabu ya kuzidisha shuleni, tulishajua kujumlisha pointi za Simba na kutoa za wapinzani wake.

Leo msimamo uko mfukoni. Bao likiingia dakika ya 89, unajibadilisha kabla mfungaji hajamaliza kushangilia.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa Simba kuwa pale chini ilimaanisha nini. Hii ndiyo timu iliyochukua ubingwa miaka mitano mfululizo, 1976 hadi 1980, na kabla ya hapo, mwaka 1974, ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Mjomba aliishi Dar es Salaam miaka ile ya sabini, akibeba mizigo Kariakoo, na aliporudi nyumbani alirudi na vitu vitatu ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa: cherehani, baiskeli ya Phoenix na Simba. Nusu ya wanaume wa Rufiji waliokwenda mjini kutafuta maisha walirudi hivyo, na nusu nyingine walirudi na Yanga. Wilaya yetu wakati huo ilikuwa Rufiji, makao makuu yakiwa Utete, ng'ambo ya mto. Kibiti, wilaya tuliyomo leo, ilikuwa bado haijawa wilaya. Hatukuwa na timu yetu kwenye ligi, wala hatukutegemea kuwa nayo. Tulikuwa na Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga, na mbali zaidi ya hapo kulikuwa na majina ambayo redio iliyafanya yawe kama ya jamaa: Pamba ya Mwanza, Majimaji ya Songea, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Coastal Union na African Sports za Tanga.

Kilichotutia hofu ni kwamba tulishaona. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda, ikachukua ubingwa mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikashuka. Mjomba alikuwa akiitaja Tukuyu kwa sauti ileile aliyotumia kuwataja vijana waliokufa maji mtoni: mtu mzima wa afya, jana alikuwepo.

Redio yenyewe ilikuwa National, ndani ya ala ya ngozi yenye vitundu vitundu, na antena yake iliyokatika ilirefushwa kwa waya uliopandishwa juu ya mkorosho. Tatizo halikuwa redio, lilikuwa betri. Nani wa rika langu hajawahi kutumwa kuanika betri juani? Tulizipanga juu ya jiwe tangu asubuhi, tukizigeuza kama mtu anavyogeuza samaki, na zikikataa kabisa mkubwa mmoja alizing'ata ubavuni ili zitoe uhai wa mwisho wa nusu saa. Sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuja ikiondoka, ikaja tena, na katikati ya mikwaruzo ile akina Ahmed Jongo na Charles Hilary walitupeleka uwanjani hatua kwa hatua, nani ana mpira, amegeukia upande gani, nani anamfuata, mpaka mtu ambaye hajawahi kuvuka Mbagala akawa anajua lango la kaskazini na la kusini. Tulikaa juu ya jamvi. Walioshindwa kupata nafasi walikaa juu ya vinu vilivyolazwa. Harufu ilikuwa ya koroboi, ya tumbaku, na, ikiwa ni Julai kama ilivyokuwa mwaka ule, ya mpunga mpya uliotoka kukobolewa, kwa sababu watu walikuwa wanarudi kutoka bondeni, kutoka kwenye madungu walikolala miezi wakiwafukuza ndege na nguruwe mashambani.

Wiki zile za mwisho wa msimu ndizo ninazozikumbuka kuliko mchezo wenyewe. Ushindi ulikuwa pointi mbili, sare moja. Mjomba alikuwa na punje za mahindi ndani ya kibati cha kahawa, na jioni alizimwaga jamvini, akazipanga mafungu mafungu, kila fungu timu moja. Ikiwa hawa wakitoka sare na wale, na sisi tukishinda hapa, basi tunawapita kwa moja. Mzee aliyekaa pembeni anauliza, je, wasipotoka sare? Punje zinarudi mwanzo. Walifanya hivyo usiku hata usiku, na hakuna aliyechoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na habari ya kuwakatisha. Matokeo ya Jumatano tuliyapata Jumatano usiku kama betri zilikubali, vinginevyo Alhamisi, kwa dereva wa lori la mkaa, au siku yoyote basi litakapoleta gazeti la Uhuru au Mfanyakazi lililokwisha kupitia mikono mingi. Masika yakichachamaa, barabara ya kusini ikawa tope na magari yakalala njiani kusubiri pantoni ya Ndundu, timu iliweza kuwa imefungwa tangu wiki iliyopita na sisi bado tunaihesabia pointi. Tuliishi ndani ya uwezekano. Siku tatu zaidi, nne zaidi, Simba ilikuwa bado ina nafasi, na ile nafasi tuliila pamoja na muhogo wetu na kisamvu na tukalala nayo.

Sasa hakuna siku tatu. Kuna sekunde.

Mechi ilichezwa Jumamosi, tarehe 23 Julai 1988, Simba na Yanga. Betri za mjomba zilikuwa zimekufa kabisa tangu Alhamisi, na duka la kijiji halikuwa nazo. Aliyeleta betri ni jirani yetu, Yanga wa kufa na kuzikana, aliyezichomoa kwenye tochi yake ya kulindia shamba. Alisema, "Shemeji, shika. Nataka niwepo mkizikwa." Mjomba akazipokea kwa mikono miwili na kumkaribisha mbele, karibu na redio, mahali pa mgeni wa heshima. Nimeyatafakari sana maneno yale mawili katika maisha yangu, shemeji na mkizikwa, yakiwa yametoka kinywani mwa mtu mmoja kwa pumzi moja, na kila mtu barazani akayaona ni sawa.

Edward Chumila akatufungia dakika ya 21. Issa Athumani akasawazisha dakika ya 36. Kisha kipindi cha pili, dakika ya 58, John Makelele, yule waliyemwita Zig Zag, akafunga la pili letu. Zilizobaki zilikuwa dakika 32, na sijawahi tangu siku ile kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza kwa muda mrefu hivyo. Mama alikuwa jikoni kwa mjomba akisaidia kukuna nazi, na kila mtangazaji alipopandisha sauti mbuzi ya nazi ilisimama; aliposhusha, ikaendelea. Hakuwahi kukaa na wanaume kusikiliza mpira. Lakini nilijua kutokana na ile mbuzi kwamba alikuwa anausikiliza wote, neno kwa neno, na kwamba alikuwa Simba.

Ikaisha 2-1. Simba ikabaki. Ubingwa wa mwaka ule ukaenda Tanga, kwa Coastal Union, na jirani yetu akatoa betri zake kwenye redio, akazirudisha kwenye tochi, akala wali nasi kabla ya kwenda shambani.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1993, timu iliyokuwa inahesabiwa kwa punje za mahindi isishuke ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Ilitoka sare ugenini, ikafungwa 2-0 nyumbani. Mwaka 2025 ilifika tena fainali, ya Kombe la Shirikisho, ikaikosa mbele ya RS Berkane ya Morocco. Vijana wa Msimbazi wa kijijini kwetu waliumia mno Mei ile. Niliwaelewa. Ila wao kuumia kwao ni kukosa kombe, na nikiwaambia kwamba timu hii iliwahi kubaki kwenye ligi kwa mabao ya Chumila na Makelele wananitazama kwa adabu, wananipa "shikamoo" nyingine, wanarudi kwenye simu zao.

Mjomba amefariki. Nyumba ile ya udongo ilianguka masika moja na wanawe wamejenga ya tofali na bati, nzuri, yenye sakafu. Umeme umefika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na pantoni ya Ndundu ikawa hadithi, na baadaye lami ikakamilika mpaka kusini, kwa hiyo mtu anakunywa chai Kibiti na kula chakula cha mchana Lindi. Hakuna mwenye akili atakayetamani lile tope lirudi. Wanawake walijifungulia ndani ya yale magari yaliyokwama. Ninaposema kwamba tulipata siku tatu za matumaini kwa sababu ya barabara mbovu, ninajua pia nani alizilipia siku hizo.

Katika majina yale ya redioni, wengi hawapo tena pale tulipowazoea. Nilipokuwa mdogo nilidhani timu hushuka daraja kwa sababu ya kufungwa. Nilipokua nikaona kwamba nyingi zilishuka kwa sababu aliyezilisha alishuka kwanza. Reli ilikuwa ya reli. Pamba ilikuwa ya zao la pamba. RTC ya Kagera na ile ya Mtwara zilikuwa za makampuni ya biashara ya mikoa, Bandari ilikuwa ya bandari, Ushirika jina lake linajieleza. Mchezaji alikuwa mwajiriwa, na mshahara wake ulikuwa wa karani au fundi, na jioni alicheza. Miaka ya tisini mashirika ya umma yalipouzwa, yalipofungwa au yalipobanwa, timu zao zikabaki na jezi tu. Hakuna mabao ya dakika ya 58 yanayoweza kuokoa timu ambayo mwenyewe amefilisika. Na utaratibu wenyewe haukuondoka, umebadilisha majina: leo ni viwanda vya sukari, migodi, halmashauri za majiji na manispaa, na majeshi. Mwenye timu akitetereka, timu inatetereka. Shabiki anatumaini juu ya kitu ambacho hana mkono nacho.

Kwa mkoa wetu wa Pwani, mwenye timu amekuwa jeshi. Tulikuwa na JKT Ruvu na tulikuwa na Ruvu Shooting, zote za upande wa Kibaha na Mlandizi. Kwa mtu wa Mtawanya, kusema timu ya mkoa wetu kunahitaji moyo. Ramani ya Pwani imeizunguka Dar es Salaam, sisi tukiwa kusini na wao magharibi, kwa hiyo ukitaka kwenda kuiona timu ya mkoa wako inabidi utoke nje ya mkoa: Kibiti, Bungu, Mkuranga, uingie Mbagala, uvuke jiji zima lenye Simba na Yanga wenyewe, utokee Mbezi, upande gari jingine la Kibaha, ndipo Mlandizi na uwanja wa Mabatini. Watu wanaishia Mbagala. Siwalaumu.

Mwaka 2017 JKT Ruvu iliposhuka, pamoja na African Lyon na Toto Africans, hata nafasi ya kuihuzunikia hatukuwa nayo. Msimu uliisha Mei. Aprili askari polisi wanane walikuwa wameuawa Mkengeni, hapa Kibiti, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji, watu tunaowajua, waliuawa mmoja mmoja. Mabanda ya kuonyeshea mpira yalifungwa jua likiwa bado juu. Bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Baraza zilizokuwa zinajaa watu zikawa tupu saa kumi na mbili, na mtu akibishiwa hodi usiku hakuitikia. Mwaka ule sikumbuki mtu aliyetaja msimamo wa ligi. Mpira ulirudi taratibu, amani iliporudi, na niliposikia tena vijana wakigombana juu ya kadi nyekundu usiku wa saa tatu, nilitoka nje kuwasikiliza kwa furaha ambayo sikuweza kuwaeleza.

Ruvu Shooting niliipata kwa binti yangu. Alimaliza kidato cha sita, akapangiwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Ruvu, akaenda analia na akarudi na misuli, na nyimbo za mchakamchaka, na timu. Wenzake walimpeleka Mabatini Jumamosi moja na mambo yakaishia hapo. Alirudi Mtawanya na kuniambia, "Baba, sisi ndio timu ya Pwani." Nilicheka kwa kupenda jinsi alivyosema sisi. Alikuwa anamnukuu Masau Bwire, msemaji wao, na ule mpapaso aliouahidi kila timu kubwa iliyokuja, na akawa anaufuatilia msimamo upande wa chini kwa bidii ambayo sikuiona tangu kibati cha punje za mahindi. Alikuwa na hoja. Ruvu ilishuka mwaka 2015, akasema, na 2016 ikarudi. Timu inayojua kurudi haiogopeshwi na mkia.

Msimu wa 2022/23 ukaja. Ligi ilikuwa na timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda kwenye mchujo. Kwa hiyo tumaini lina ngazi sasa: kwanza unatumaini kubaki salama, kisha unatumaini mchujo, kisha unatumaini wa juu yako afungwe. Binti yangu alishuka ngazi zile moja moja. Alikuwa na simu, na simu ilimjulisha kila kitu, pointi, tofauti ya mabao, ratiba iliyobaki ya kila mpinzani. Nilimwona siku moja akiwa barazani, mpira wa Ruvu unaendelea upande mmoja wa kioo na wa Polisi Tanzania upande mwingine, akihesabu kwa kidole gumba. Alijua ndani ya dakika ileile kwamba bao moja limeingia mahali fulani na kwamba mlango umefungwa kidogo. Dakika mbili baadaye, mwingine. Nilitaka kumpa zile siku tatu. Hakuna mahali zinapouzwa.

Nikamwuliza kwa nini asiende bandani akaangalie na wenzake, kiingilio ni mia tano tu na banda liko hatua chache kutoka nyumbani. Akaniambia, "Baba, pale hakuna mtu wa Ruvu." Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Mpira wa Ruvu ulikuwa kwenye televisheni moja, na kweli, kuna kitu kikubwa katika hilo, kwamba timu iliyo chini kabisa inaonyeshwa nchi nzima na kamera za Azam, chini ya mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi uliosainiwa mwaka 2021, na kwamba kijana wa Kibiti akisajiliwa na timu ndogo mama yake ataweza kumwona akipiga kona. Enzi ya mjomba timu ndogo zilikuwa sentensi moja mwishoni mwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Lakini waliokuwa wakiutazama mpira wa Ruvu pale bandani walikuwa wameuwekea mkeka wa kubeti. Walitaka Ruvu ifungwe mabao zaidi ya mawili. Ilipofungwa moja wakakasirika, na walizikasirikia vilevile timu zote mbili. Hakukuwa na mtani. Yule jirani mwenye betri za tochi alitaka kutuona tukizikwa, lakini alitujua, alikuja kwa sababu yetu, na kama Simba ingeshuka siku ile angekuwa mtu wa kwanza kumpa mjomba pole.

Ruvu ikashuka, pamoja na Polisi Tanzania. Mbeya City, iliyoingia kwenye mchujo, nayo ikaangukia mikononi mwa Mashujaa ya Kigoma. Mtawanya siku ile watu walikuwa wakizungumzia ubingwa wa Yanga na bei ya korosho. Binti yangu alikaa na simu mapajani kwa muda mrefu. Nikakaa naye. Sikuwa na la kumwambia ambalo simu haikuwa imeshamwambia, isipokuwa kuwepo, na nikaona kwamba hiyo ndiyo kazi yote mjomba aliyoifanya na yale mahindi: aliwapa watu sababu ya kukaa pamoja karibu na jambo ambalo hawakuweza kulibadilisha.

Na kuna kitu nilichokipata kwa binti yangu ambacho mjomba hakukipata. Mama yangu alisikiliza Simba ikiokoka kutokea jikoni, mkono kwenye mbuzi ya nazi, na hakuna aliyejua alichohisi, wala hakuna aliyemwuliza. Binti yangu anaukasirikia mpira hadharani, barazani kwa baba yake, kwa sauti. Anajua kuotea ni nini na anajua kanuni za mchujo kuliko mwanamume yeyote wa kijiji hiki. Anabishana na vijana wa bodaboda na wanamwita mchambuzi, bila kumdhihaki. Nikipima nilichopoteza na nilichopata, hiki kinakaa upande wa pili wa mizani na ni kizito.

Mwaka uleule wa 2023 JKT Tanzania, ndiyo JKT Ruvu ya zamani kwa jina jipya, ilirudi Ligi Kuu, na Masau Bwire akaenda huko. Nilidhani binti naye atahama. Ni jeshi lilelile, msemaji yuleyule. Akasema hapana. Uwanja wa JKT Tanzania uko Mbweni, Dar es Salaam, na yeye alipendea Mlandizi, vumbi lake, bati zake, kina mama wanaouza karanga na mayai upande wa lango. Nikatambua kwamba hiyo ni mara ya kwanza katika familia yetu mtu kupenda timu kwa sababu ya mahali alipowahi kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Mjomba aliibeba Simba kutoka mjini na kutugawia. Huyu alikwenda akaikuta yake.

Tangu hapo Ligi Kuu inaanza kila msimu bila Ruvu. Mwaka 2024 ikashuka Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, timu ambayo vijana walidhani imezaliwa na ligi. Msimu mmoja tu ikarudi. Kagera Sugar nayo ikashuka mwaka 2025. Lakini mwaka 2024 jina moja la redio ya mjomba lilipanda tena: Pamba, sasa Pamba Jiji, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kukosekana. Niliposikia mtangazaji akisema Pamba ya Mwanza iko Ligi Kuu nilisimama katikati ya njia ya shambani. Sikuwahi kuishabikia. Nilifurahi tu kwamba aliyehesabiwa amekufa ameitika.

Nilimsimulia binti habari za Pamba na yeye, kama nilivyotarajia, akaanza kuhesabu. Miaka 20 kutoka 2023. Atakuwa na watoto wakubwa, mimi nitakuwa mzee wa mkongojo kama Mungu akipenda. Akasema hatasubiri hivyo, Mtibwa walirudi kwa msimu mmoja na Ruvu wenyewe waliwahi kufanya hivyo, na timu ya huku chini haionyeshwi kila mara kwenye televisheni, kwa hiyo anayetaka kuiona lazima aende. Nikamwambia safari ya Mlandizi ni gari tatu. Akasema anajua, na kwamba tukitoka Kibiti na gari la alfajiri tutafika mapema, na kwamba tukikosa gari la kurudi kuna rafiki yake wa kambini ameolewa Kibaha.

Nimemwomba anitafutie ratiba.